Mishipa Haijaziba, Lakini Moyo Unakosa Damu

"Mishipa yako haijaziba." Kwa mgonjwa aliyelala kwenye meza ya chumba cha anjiografia, yaani kipimo cha kupiga picha mishipa ya moyo, ni vigumu kupata habari njema kuliko hiyo. Ndugu wamechanga kwenye kundi la WhatsApp, mkopo wa kikoba umechukuliwa, pengine ng'ombe ameuzwa, na sasa daktari anasema damu inapita vizuri. Mgonjwa anarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Halafu kifua kinabana tena, mahali palepale, kwa namna ileile. Akirudi kliniki anakuta mazungumzo yamebadilika. Mama, punguza mawazo. Mzee, hiyo ni gesi. Hebu tumia dawa za vidonda vya tumbo kwanza tuone.

Naamini kuna kosa hapo, na ni kosa la kufikiri kabla halijawa kosa la vifaa. Picha ile imejibu swali moja: je, kuna mahali mshipa mkubwa wa moyo umezibwa na mafuta? Sisi tumelichukua jibu hilo tukalifanya hukumu ya kesi nzima. Wapo watu ambao mioyo yao inakosa damu kwelikweli ingawa hakuna kilichoziba. Kwa baadhi yao mshipa mkubwa hujibana ghafla, ukakata damu kwa dakika kadhaa, kisha ukaachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa wengine tatizo liko kwenye mishipa midogo kabisa, ile isiyoonekana kwenye picha, ambayo hushindwa kupanuka moyo unapohitaji damu zaidi. Wengine wana yote mawili. Haya ni magonjwa yenye majina, yenye vipimo na yenye dawa, na baadhi ya dawa hizo ziko kwenye maduka ya dawa ya mitaani kwetu.

Si kundi dogo la watu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wagonjwa karibu 400,000 ambao hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo na walifanyiwa anjiografia ya kupangwa, si ya dharura. Waliokutwa na mshipa ulioziba kwa kiwango kikubwa hawakufika asilimia 38. Mwaka 2012 ikaja taarifa kutoka mashariki mwa Denmark iliyofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopelekwa kupigwa picha kwa sababu ya anjina, yaani kifua kubana kwa sababu moyo unakosa damu. Miongoni mwa wanawake, asilimia 65 hawakuwa na mshipa ulioziba. Miongoni mwa wanaume ilikuwa asilimia 32. Na wale ambao mishipa yao ilionekana safi kabisa hawakuwa salama kama walivyoambiwa: hatari yao ya kupata shambulio la moyo, kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au kifo cha moyo ilikuwa kubwa kwa karibu mara moja na nusu kuliko ya watu wa kawaida wasio na anjina.

Sidai kwamba kila mmoja katika hesabu hizo ana ugonjwa wa mishipa midogo. Kifua kinauma kwa sababu nyingi: umio, misuli ya mbavu, mapafu, hofu. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua nani ni nani kama swali la pili haliulizwi.

Ili kuelewa kwa nini haliulizwi, inabidi kurudi Cleveland, Marekani, mwaka 1958. Daktari Mason Sones alikuwa akipiga picha moyo wa mgonjwa wakati mrija ulipoteleza na dawa ya rangi ikaingia moja kwa moja kwenye mshipa wa kulia wa moyo. Alidhani mgonjwa anakufa. Mgonjwa akapona, na Sones akatambua kuwa mshipa wa moyo wa mtu aliye hai unaweza kuonekana wazi kwenye filamu. Upasuaji wa kuunganisha mishipa, kuzibua kwa puto, stenti za kuuacha mshipa wazi, vyote vilijengwa juu ya picha ile. Ni moja ya zawadi kubwa za karne iliyopita, nami siidharau hata kidogo. Lakini tangu hapo kilichoonekana kwenye filamu kikawa ndicho ugonjwa, na kisichoonekana kikawa ni mawazo ya mgonjwa.

Filamu hiyo huonyesha vizuri mishipa inayopita juu ya moyo, yenye upana wa zaidi ya nusu milimita hivi. Chini ya hapo kuna matawi mengi mno yanayozama ndani ya msuli, na hayo ndiyo yanayoamua ni damu kiasi gani ifike wapi. Wanaoijua mifereji ya asili ya Uchagani wataelewa haraka: mfongo mkuu unaweza kushuka umejaa maji mpaka ukingoni, lakini kama vijifereji vya kuingia kihambani vimeharibika, migomba itakauka tu. Na moyo una shida ya ziada. Msuli wake, hata mtu akiwa amekaa kimya, tayari unanyonya sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayoupitia. Kazi ikiongezeka hauna akiba ya kutosha ya kunyonya zaidi, na tegemeo lake ni kuletewa damu nyingi zaidi, mara tatu au nne ya kawaida. Mishipa midogo isipopanuka, hilo haliwezekani, hata kama ile mikubwa inang'aa kwenye kioo.

Anjina tunayofundishwa wote ni ile aliyoieleza William Heberden wa London kwenye chapisho la mwaka 1772: mtu anatembea, hasa akipanda mlima baada ya kula, kifua kinabanwa, anasimama, kinaachia. Mwaka 1959 Myron Prinzmetal na wenzake huko Los Angeles wakaeleza wagonjwa waliokuwa kinyume chake. Hawa walikuwa wakiumwa wakiwa wamepumzika, mara nyingi usiku, na kipimo cha umeme wa moyo kilichopigwa wakati wa maumivu kilionyesha mabadiliko ya kutisha, yale ya mshipa uliofungwa kabisa. Maumivu yakiisha, kipimo kinarudi kuwa cha kawaida. Prinzmetal alihisi kwamba mshipa unajibana. Aliyelionyesha jambo hilo kwa ushahidi mzito ni Attilio Maseri, Mtaliano aliyekuwa Pisa miaka ya 1970, ambaye aliwapiga picha wagonjwa katikati ya shambulio lenyewe. Mshipa ulionekana ukifunga, kisha ukifunguka.

Kutoka Japani, ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa undani kuliko pengine popote, lilikuja jambo ambalo kila daktari wa kliniki anapaswa kulijua. Hirofumi Yasue na wenzake waliwafanyisha mazoezi wagonjwa walewale asubuhi na mapema, kisha tena mchana. Alfajiri zoezi dogo lilileta shambulio. Mchana zoezi hilohilo, na hata zaidi, walilimaliza bila shida. Chukulia mtu kama huyo anafika kliniki saa tano asubuhi, anapandishwa kwenye mashine ya kukimbia, anafanya vizuri, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, haina doa. Anaambiwa yuko sawa. Kesho yake saa kumi za usiku anaamka amelowa jasho, mkono wa kushoto umekufa ganzi, kifua kama kimekaliwa na mtu. Kipimo hakikudanganya. Kilipigwa saa ambayo ugonjwa ulikuwa umelala.

Ugonjwa wa mishipa midogo hauna sura kali namna hiyo, ndiyo maana ulichelewa kuaminika. Mwaka 1973 wagonjwa wake walibandikwa jina la "sindromu X", na mwaka 1988 ndipo madaktari wawili wa Marekani, Richard Cannon na Stephen Epstein, wakapendekeza uitwe wazi kuwa ni anjina ya mishipa midogo. Mgonjwa wake mara nyingi ni mwanamke aliyekaribia au kupita umri wa kukoma hedhi, mwenye presha au sukari, ambaye anapanda ngazi au kubeba ndoo na kifua kinabana au pumzi inakata. Akipumzika, maumivu hayaondoki upesi kama ya anjina ya Heberden. Yanaweza kubaki robo saa, nusu saa, wakati mwingine yakamwacha hoi mchana kutwa. Kidonge cha nitrogliserini cha kuweka chini ya ulimi hakimsaidii sana. Kila kimoja cha dalili hizi, kikisikilizwa na mtu mwenye haraka, kinamfanya mgonjwa aonekane anatia chumvi.

Kinachounganisha magonjwa haya mawili, kwa sehemu kubwa, ni utando mwembamba wa seli unaotandikwa ndani ya kila mshipa, endotheliamu. Zamani ulidhaniwa kuwa kazi yake ni kuzuia damu isivuje tu. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa New York alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Akiweka kemikali iitwayo asetilkolini kwenye kipande ambacho utando wake ni mzima, mshipa unalegea. Akiusugua utando ukatoka, dawa ileile inaufanya mshipa ukaze. Utando hutoa kitu kinachouambia mshipa ulegee, na kitu hicho kikaja kutambuliwa kuwa ni gesi ya naitriki oksaidi. Furchgott na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa kutengeneza baruti ya nitrogliserini, aliugua anjina uzeeni na akaandikiwa nitrogliserini na madaktari wake, dawa ambayo hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyohiyo.

Jaribio la sungura ndilo leo linalofanyika kwa binadamu, na inafaa kulitazama kwa karibu kwa sababu wengi hudhani ni jambo la maajabu. Mgonjwa amelala, mrija umepita kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye mdomo wa mshipa wa kushoto wa moyo, mishipa imepigwa picha na haijaziba. Hapo ndipo kwetu kazi huwa imekwisha. Kwenye kituo kinachouliza swali la pili, daktari anaanza kuingiza asetilkolini kidogokidogo, dozi ndogo kwanza, kisha kubwa zaidi, kila moja kwa dakika chache. Watu watatu wanatazama vitu vitatu. Mmoja anatazama kioo kuona kama mshipa unasinyaa. Mwingine anatazama ECG. Wa tatu anamtazama mgonjwa usoni na kumuuliza: unasikiaje? Mshipa wenye utando mzima hupanuka au hubaki ulivyo. Ulioharibika hujibana. Ukijibana kwa zaidi ya asilimia 90, ECG ikabadilika, na mgonjwa akasema haya ndiyo maumivu yangu yaleyale ya nyumbani, ugonjwa umepatikana. Maumivu yakija na ECG ikabadilika huku mishipa mikubwa ikibaki wazi, anayejibana ni mshipa mdogo. Kisha inaingizwa nitrogliserini, na mshipa unafunguka mbele ya macho ya wote.

Baada ya hapo unaweza kupitishwa waya mwembamba wenye kihisi cha shinikizo na joto, mgonjwa akapewa adenosini, dawa ya kupanua mishipa midogo, ikapimwa damu inaweza kuongezeka mara ngapi. Isipoweza kuongezeka hata mara mbili hadi mbili na nusu, mishipa midogo haifanyi kazi yake. Ni nyongeza ya muda mfupi kwenye utaratibu ambao tayari mgonjwa ameshaugharamia.

Je, kujua jina la ugonjwa kunamsaidia mgonjwa? Swali hili lilijaribiwa Scotland, na mimi naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Utafiti wa CorMicA, ulioongozwa na Colin Berry wa Glasgow na kuchapishwa mwaka 2018, uliwachukua wagonjwa 151 wenye anjina na mishipa isiyoziba. Wote walipimwa, lakini nusu tu ndio madaktari wao walipewa majibu na kutibu kulingana nayo. Nusu ya pili walitibiwa kwa kawaida, majibu yakiwa yamefichwa. Kwanza, karibu 9 kati ya kila 10 walikutwa na tatizo halisi: mishipa midogo, mshipa mkubwa kujibana, au yote mawili. Pili, baada ya miezi sita, waliotibiwa kwa kufuata majibu walikuwa na maumivu machache na maisha bora kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mmoja. Hakuna aliyepewa dawa ya ajabu. Dawa zilikuwa zilezile za kila siku, ila zilielekezwa kwa mtu sahihi.

Haki inanitaka niseme pia kwamba utafiti uliofuata wa watafiti haohao, safari hii kwa wagonjwa waliobainika kuwa na mishipa isiyoziba kwa kipimo cha CT, haukurudia matokeo hayo kikamilifu. Utambuzi wa ugonjwa ulibadilika kwa wengi na wagonjwa waliridhika zaidi na matibabu, lakini alama za maumivu hazikutofautiana. Kwa hiyo hatuwezi kuuza kipimo hiki kama tiba ya kila kifua kinachouma. Hata hivyo miongozo ya Ulaya ya mwaka 2024 imekipa kipimo hiki daraja la juu la kupendekezwa kwa wagonjwa wanaoendelea kuumwa na kudhoofika licha ya dawa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mstari unapopaswa kuchorwa. Si kila mtu, bali yule anayerudi mara ya tatu na ya nne, ambaye maisha yake yamesimama.

Sasa tuje kwetu. Afrika Mashariki imepiga hatua ambazo wazazi wetu hawakuziota. Tanzania, iliyokuwa ikiwapeleka wagonjwa wa moyo India, ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza kazi mwaka 2015, na mishipa iliyoziba inazibuliwa Dar es Salaam kila wiki. Nairobi ina hospitali kadhaa zenye uwezo huo, Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Najua jibu nitakalopewa: foleni ya walioziba ni ndefu, tumalize hiyo kwanza. Ni jibu la haki kwa mwenye shambulio la moyo usiku huu, na yeye atangulizwe bila mjadala. Lakini haliwezi kuwa jibu kwa mtu ambaye tayari yuko mezani, mrija tayari umo ndani, picha tayari imepigwa. Asetilkolini katika nchi nyingi imesajiliwa kwa ajili ya upasuaji wa macho, na madaktari wa moyo huitumia nje ya usajili huo, kwa hiyo kunahitajika idhini, mafunzo na daktari mwenye uzoefu. Hayo ni mambo ya uamuzi. Adenosini tayari hutumika kwenye hospitali kubwa kutuliza moyo unaokwenda mbio. Waya wenye kihisi ndio ghali, na hapo bima zinapaswa kuulizwa kwa nini zinalipia anjiografia ya pili na ya tatu kwa mgonjwa yuleyule, lakini hazifikirii kulipia kipimo kimoja cha kumaliza swali.

Na kuna kazi kubwa zaidi isiyohitaji chumba cha anjiografia kabisa, ambayo inaweza kuanza kesho asubuhi kwenye kituo cha afya cha wilaya. Ni kuuliza. Maumivu yanakuja saa ngapi? Yakija kati ya saa sita usiku na saa mbili asubuhi, ukiwa umelala, fikiria mshipa kujibana. Yanakaa muda gani ukishapumzika? Unavuta sigara? Sigara ndiyo kichocheo kikubwa kinachojulikana cha mishipa kujibana, na ndugu zetu wengi huivuta pamoja na mirungi. Hapa ukanda wetu una jambo lake lenyewe. Jani la mirungi linalotoka Meru, na mogoka ya Embu, lina kathinoni, kemikali ya ukoo wa amfetamini, inayopandisha presha na kubana mishipa ya damu. Watafiti wa Yemen, ambako kutafuna ni desturi ya kila alasiri, waligundua kwamba watafunaji wazito wana hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo, na kwamba saa za mashambulio yao hufuata saa za kutafuna. Mwaka 2024 Mombasa ilipopiga marufuku mogoka, mjadala ulikuwa mkali, lakini ulijikita kwa vijana, ajira na afya ya akili. Moyo haukupata nafasi yake. Kijana wa miaka 30 anayefika hospitali na kifua kinachombana baada ya usiku wa mirungi na sigara anastahili kupimwa ECG hapohapo, na aulizwe bila kuaibishwa, maana akiaibishwa hatasema.

Swali jingine: unatumia dawa gani? Propranololi hutolewa kwa wingi kwa ajili ya moyo kwenda mbio, kipandauso na wasiwasi. Kwa mwenye mishipa inayojibana, dawa hiyo inaweza kuzidisha shambulio. Ndivyo ilivyo kwa baadhi ya dawa za kipandauso za jamii ya triptani na ergotamini, na kwa ergometrini inayotumika kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua. Hata florourasili, dawa ya saratani inayotumika sana, inaweza kuufanya mshipa wa moyo ujibane wakati inapoingizwa mwilini. Mgonjwa wa saratani akisema kifua kinabana dawa ikiwa inatiririka, muuguzi asimamishe na kumwita daktari, asimwambie avumilie.

Tofauti ya matibabu ndiyo inayonifanya nisikubali kauli ya "yote ni anjina tu". Mwenye mshipa unaojibana hutibiwa kwanza kwa vizuizi vya kalsiamu, yaani diltiazemu, verapamili, nifedipini au amlodipini, mara nyingi kwa kuongezewa dawa za naitreti kama nitrogliserini. Betabloka, yaani dawa za kupunguza kasi ya moyo, huepukwa, hasa zile kama propranololi zisizolenga moyo peke yake. Mwenye mishipa midogo isiyopanuka, kinyume chake, anaweza kunufaika na betabloka, pamoja na dawa za presha za kundi la vizuizi vya ACE na statini za kushusha kolesteroli, na kwa wengi wao naitreti haziwi msaada mkubwa. Dawa inayomwokoa mmoja inaweza kumuumiza mwingine. Na hizi si dawa za matajiri: amlodipini, verapamili, bisoprololi, nitrogliserini na isosobaidi zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wapo watu wanaomeza amlodipini kila asubuhi kwa ajili ya presha ambao daktari wao akiielewa vizuri hadithi ya kifua chao angebadilisha dozi au saa ya kuimeza, ili iwalinde alfajiri.

Tahadhari moja lazima niiseme wazi kwa sababu inahusu maisha. Dawa za naitreti, ikiwemo ile ya chini ya ulimi, hazichanganywi kamwe na sildenafili au dawa nyingine za nguvu za kiume. Presha inaweza kuporomoka hadi mtu akapoteza maisha. Dawa hizo zinanunuliwa kwetu bila cheti na kwa siri, kwa hiyo daktari anayeandika naitreti kwa mwanamume na asiulize jambo hilo ameacha hatari nyuma yake. Na mtu mwenye maumivu ya kifua yanayozidi robo saa, yenye jasho, kichefuchefu au kukosa pumzi, asianze kutafakari ni mshipa mkubwa au mdogo. Aende hospitali, na ECG ipigwe wakati bado anaumwa.

Nimeacha kwa makusudi jambo la wanawake nililifikie sasa, kwa sababu hapo ndipo dhuluma ilipo kubwa zaidi. Marekani ililazimika kuanzisha utafiti maalumu wa wanawake, WISE, mwaka 1996, ndipo ikaonekana kwamba karibu nusu ya wanawake wenye maumivu na mishipa isiyoziba walikuwa na ugonjwa wa mishipa midogo. Nusu! Kabla ya hapo wengi wao walikuwa wakirudishwa nyumbani na dawa za wasiwasi. Kwetu hali inaongezewa uzito na desturi. Mama anayelalamika moyo anaulizwa kuhusu mume, kuhusu watoto, kuhusu deni la kikoba. Ni kweli ana mawazo, nani hana? Tena msongo wa mawazo wenyewe unaweza kuufanya mshipa ujibane, kwa hiyo kumwambia mtu "ni mawazo" hakuondoi ugonjwa wa moyo, kunataja tu kisababishi kimojawapo na kuuacha ugonjwa bila dawa. Akishakataliwa mara mbili hospitalini, atakwenda kwa mtaalamu wa nyota au kwenye maombi ya mkesha, na hakuna wa kumlaumu.

Presha isiyotibiwa inaunenepesha msuli wa moyo na kuiharibu mishipa yake midogo, na presha isiyotibiwa tunayo tele. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa 202 wenye aina ya moyo kushindwa kufanya kazi ambapo moyo unasukuma vizuri lakini haulegei vizuri, ulikuta robo tatu yao wana hitilafu ya mishipa midogo. Yaani mama anayehema akipanda ngazi leo na kuambiwa amenenepa anaweza kuwa ndiye mgonjwa wa moyo uliochoka wa miaka kumi ijayo. Muda wa kumshushia presha, kumtibu sukari na kumsaidia atembee kila siku ni sasa, na hilo halisubiri kipimo chochote.

Ninachokidai kwa vituo vyetu ni kidogo na kinapimika. Ripoti ya anjiografia isiishie kwenye "mishipa ya kawaida". Iandikwe: hakuna mshipa mkubwa ulioziba, kujibana kwa mishipa na kazi ya mishipa midogo havijapimwa. Chini yake iandikwe hatua inayofuata, iwe ni kujaribu kizuizi cha kalsiamu kwa wiki kadhaa na kumwona tena, kuvaa kifaa cha ECG cha saa 24, au rufaa kwa kipimo cha asetilkolini pale kitakapopatikana. Mgonjwa naye aandike kwenye daftari saa ya kila shambulio, alichokuwa akifanya, lilikaa dakika ngapi na dawa gani ilisaidia, kisha aende nalo kliniki na aliweke mezani kabla hajaulizwa lolote kuhusu mawazo yake.